Mtani, Mama Alizikwa Kimya

Kwako Paulino, mtani wangu uliyevuka mto bila kuaga,

Salamu sikupi. Salamu hupewa mtu unayemtakia alale vizuri, na mimi nakuombea kitanda chako cha huko ng'ambo kijae kunguni, wakugawane kwa zamu kama makuli wa bandarini.

Barua hii haina bahasha, wala usidhani nimeshindwa kuinunua. Nimeiacha wazi makusudi. Shemeji Bakari ataipeleka mpaka Kilambo, pale atampa mwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi atampa yeyote anayekuja upande wenu. Kila mkono utakaoishika nimeuruhusu uisome, na asiyejua kusoma asomewe. Ikikufikia, nataka watu wote wa kivukoni wawe wameshakujua wewe ni mtu wa namna gani. Nimeiandika mwenyewe, sikutafuta karani. Darasa la nne nilimaliza, la tano nililichungulia dirishani, lakini mimi nimefika Mombasa na Aden na Bombay, nimekula pilipili za Wahindi nikalia mbele za watu, kwa hiyo hakuna neno la kukutukana litakalonishinda kuliandika.

Umeleta maneno kwamba unataka kuja kwenye hitima ya mama ya kutimiza mwaka. Zimebaki wiki tatu. Zuhura mke wangu anasema nikujibu kwa mstari mmoja, njoo au usije, basi. Zuhura ana haraka. Mimi nina mwaka mzima kifuani, siwezi kuutoa kwa mstari mmoja. Jibu liko humu ndani na utalipata ukishasikia yote.

Unakumbuka tulivyojuana? Mimi nakumbuka, maana ndimi niliyeshinda na njaa. Ulikuwa umetoka ng'ambo na mama yako na fuko moja, mnakimbia mabomu ya Mreno, na bandari ya Mtwara ikakuchukua kubeba magunia ya korosho. Mimi nilikuwa tayari mtu wa winchi, mtu wa kukaa juu, naheshimika. Siku yako ya tatu nilishuka saa sita nikakukuta umefungua chakula changu, wali umekwisha, unanyonya kichwa cha samaki. Nikakuuliza, wewe mwizi, ni nani? Hata kusimama hukusimama.

"Wewe Myao?" ukaniuliza.

"Myao wa Masasi."

"Basi mimi Mmakonde. Na huyu samaki kapikwa na mtu mwenye msiba. Kesho mwambie mkeo aongeze ndimu."

Makuli walicheka mpaka magunia yakawadondoka. Nikabaki nimeshika bakuli tupu. Ningefanya nini? Mtani akila chako umeliwa, huna pa kushitaki. Kesho yake Zuhura alifunga chakula cha watu wawili, na ndimu aliongeza. Miaka tisa alifunga cha watu wawili. Vyote ulivila, na sijasikia umewahi kunenepa wala kushukuru.

Na kuvua nani alikufundisha? Waambie ukweli hao wanaokusomea. Wewe mtu wa bara, mtu wa juu huko milimani, samaki ulikuwa unawajua wakiwa wameshakaushwa. Ulidhani wanazaliwa hivyo hivyo, bapa. Ni mimi niliyekuonyesha kufunga ndoana, ni mimi niliyekuonyesha kusoma maji ya kupwa na ya kujaa, ni mimi niliyekukataza kuusemesha mshipi kama mtu anayebembeleza mtoto.

Tulivua kwa raha tu, hatukuuza hata mmoja. Jumamosi kazi ikikatika tunapita Ufukoni na baiskeli zetu, fito begani, na wavuvi wenyewe, wale wanaolisha watoto kwa nyavu, wanatupigia kelele: "Hao wenye mshahara! Wanakwenda kuwasumbua samaki!" Mzee mmoja aliniuliza kila wiki, kwa upole kabisa, kama nyumbani nina ugomvi. Hakuelewa mtu mwenye kitanda chake akakae juani kutwa kwa ajili ya samaki wawili. Wewe ukamjibu kabla yangu: "Mzee, mkewe ndiye anayemfungia chakula aende mbali." Mshenzi wewe.

Halafu akaja yule Mwaustralia, na hapo ndipo jina langu lilipokua mjini. Meli yao ilikaa wiki nzima ikisubiri korosho, naye kila alasiri alisimama gatini na fimbo nyembamba yenye gurudumu la mshipi, anarusha kitu kinachong'aa, anakivuta, anarusha, anavuta. Chambo hakuwa nacho. Alikuwa na samaki wa mti, kapakwa rangi ya fedha, macho mekundu, ndoana tatu tumboni. Nikamwendea na Kiingereza changu cha melini, tukaelewana kama tulionyonya ziwa moja. Alisema kwao kuna mito inayoingia baharini kwenye mikoko kama Ruvuma yetu, na mamba wamo, na watu wenye kazi zao nzuri huenda kuvua kwa raha, wengine kwa chambo, wengine kwa samaki wa mti, na samaki akishatolewa hutazamwa, husifiwa, kisha hurudishwa majini. Nilipokutafsiria hayo ulikasirika kweli kweli.

"Anamrudisha? Sasa alimwita wa nini? Samaki wa watu ana shughuli zake!"

Siku ya kuondoka aliniachia ile fimbo pamoja na samaki mmoja wa mti, nami nikampa debe la korosho za kukaanga. Nikasema moyoni, Mungu kanipa mtani Mmakonde, tutachonga samaki mia. Kumbe! Dunia nzima inawajua Wamakonde kwa kuchonga, na mimi nikapewa yule mmoja ambaye kisu kinamkimbia. Ulimchonga wa kwanza kwa mpingo, mweusi, mnene, ana sura ya mjomba wako. Ukamrusha. Akazama moja kwa moja kama nanga, na mshipi wangu akaenda nao. Ikanibidi mimi Myao nitafute mti wa msufi, nichonge kwa kisu cha jikoni cha Zuhura, nimvike samaki wangu karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Akaelea. Akacheza. Akavua. Bisha basi.

Ulibisha, na tukabishana miaka. Wewe ukawa mtu wa chambo: kamba hai, vipande vya ngisi, pweza aliyeoza mpaka mbwa wa Magomeni nzima wanaifukuza baiskeli yako. Mimi mtu wa samaki wa mti. "Mimi namlisha ndipo namvua," ulikuwa ukiniambia. "Wewe unamwongopea tu. Utakwenda kujibu, Myao." Na mimi nikakuambia samaki anayekubali kudanganywa na mti uliofungwa karatasi ya sigara amejitakia mwenyewe. Maneno hayo niliyasema mimi. Sijayasahau, nitayarudia chini huko.

Kuna ile Jumapili kwenye mlango wa Ruvuma. Maji yalianza kupwa, mikizi wakawa wanatoka kwenye mikoko kwa makundi, na kolekole wakubwa wanawasubiri kwenye kijito wakiwarukia mpaka maji yanachemka. Nikarusha samaki wangu katikati yao. Akapigwa pigo ambalo mpaka leo bega langu linalikumbuka. Nikamfuata huku namvuta, mguu mmoja mbele, mguu mmoja mbele, mpaka nikazama kwenye tope la mikoko hadi mapajani. Hapo ndipo kiboko akainua kichwa, si mbali, akatutazama kama askari anayeuliza vibali. Wewe ulikuwa mchangani, salama, chambo chako mkononi. Ungeweza kwenda zako. Ulirudi ukaingia topeni, ukanishika kwapani ukanivuta, unanitukana kwa sauti mto mzima unasikia: "Toka, Myao mzito wewe! Toka kabla hajadhani wewe ni mkewe!" Nikatoka. Kolekole naye nikatoka naye, sikumwachia. Nilimwambia kila mtu bandarini kwamba ni mimi niliyekuokoa wewe. Ukaninyamazia, ukawaacha waamini.

Siku ile hukunikimbia. Naliandika hilo ili ujue mimi si mtu wa kuficha. Naliandika pia kwa sababu ndilo linalonitia hasira zaidi ya yote.

Sasa mama.

Mama alikupenda kuliko alivyonipenda mimi, jambo ambalo sikulielewa mpaka amekufa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu tangu ujana, unajua, na nyumbani kwetu mguu ule haukutajwa. Mimi mtoto wake sikuutaja. Wewe siku ya kwanza kuingia uani ulimkuta anatoka kisimani na ndoo, ukaenda ukasimama nyuma yake, ukamfuata ukichechemea vile vile, hatua kwa hatua, mkono mmoja kichwani umeshika ndoo ya hewa. Zuhura aliziba mdomo. Mama akageuka, akakuona. Nilidhani atakutupia ile ndoo. Akaiweka chini, akakaa juu ya kinu, akacheka mpaka machozi, akasema, "Huyu ndiye mume niliyekuwa namsubiri." Tangu siku ile akakuita mume wangu, na wewe ukamwita bibi harusi, na kila samaki uliyevua kwa chambo chako kinachonuka ulimletea yeye kwanza, unamdai akulipe kwa kukuchezea ngoma.

Na alikuagiza. Mbele yangu, mbele ya Zuhura na Bakari, uani, anakupakulia uji. Alisema: "Mume wangu, nikifa usiwaache hawa wanizike kama mzigo wa forodhani. Wewe ukae mlangoni uwazuie na jeneza, mpaka wakupe jogoo. Kisha utembee mbele yangu kama ninavyotembea. Nataka watu wacheke. Nimelia vya kutosha nikiwa hai." Ukamwambia, "Bibi harusi, jogoo mmoja kwa maiti mzito kama wewe? Watatoa mbuzi." Akacheka. Ukampa mkono. Mlipatana vizuri.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini Zuhura amekaa hapa anachambua mchele na ananitazama. Anajua kusoma uso wangu kuliko ninavyojua kuandika. Haya, naandika.

Mwaka mmoja kabla ya mama kufa, wewe uko mlango wa Ruvuma peke yako, umeniringia kwamba umepata mahali papya na hunionyeshi. Mimi nilimwambia Bakari: leo nitamvua Mmakonde kutoka maili ishirini, bila mshipi. Nikamtuma aende akulilie kwamba nimekufa. Bakari, mnajua wote, akitaka machozi anayapata. Uliacha fito, uliacha kapu na chambo, ulikuja na baiskeli kwenye mchanga ule wote bila viatu. Ukafika uani unahema. Ukanikuta marehemu nimekaa kizingitini nakula kiazi, nikakukaribisha.

Ulikaa chini, pale pale mavumbini. Hukucheka. Mama akanipiga kwa kandambili, tena kwa nguvu. Kisha ndipo ukaanza kucheka, pole pole, ukajifuta uso na shati, ukasema: "Sawa, Myao. Siku utakapokufa kweli, nitamaliza kwanza kuvua."

Watu walicheka mtaa mzima. Nani alicheka zaidi? Mimi. Hadithi ile niliihadithia gatini mwaka mzima, kila nikiihadithia naongeza: mara umezimia, mara umejikojolea, mara umekuja na sanda mkononi. Watu wa meli nimewahadithia, kwa Kiingereza. Sikuona kosa. Mtani kamtania mtani.

Ikafika ile wiki ya homa ya mama. Alhamisi ulikuja, ukamkuta anakunywa uji, anakutukana vizuri. Alikuambia, "Nenda kavue, mume wangu, unasimama hapa unaniziba hewa. Niletee mkizi." Mimi nikabaki kumwuguza, wewe ukaenda. Kwa hilo sikulaumu. Alikutuma mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, chai haijaiva, akafariki. Alikuwa ameshika mkono wa Zuhura.

Jambo la kwanza nililofanya, kabla hata sijalia, nilimtuma Bakari kwako. Aliazima pikipiki ya fundi wa karakana. Wazee wakasema tuzike adhuhuri. Nikawaomba, nikawashika magoti, watu wazima wenzangu, nikasema mama ana miadi na mtani wake, tungojeeni alasiri. Shehe hakupenda, lakini alikubali. Wamakonde wamejaa Mtwara, ningeweza kumwita yeyote mtaani. Mama alikutaja wewe.

Bakari alikukuta mchangani, mshipi uko majini. Haya ninayoandika ameniapia. Alisema: "Paulino, mama amefariki. Saidi anakungoja." Ukamtazama uso, ukaangua kicheko.

"Mwambie Myao mimi chambo cha mti sili mara mbili!"

Akakuapia kwa Mungu. Akalia. Ukamwambia, "Safari hii unalia vizuri zaidi, umefanya mazoezi." Akakushika shati, ukamsukuma. Ukamtoa kambale uliyekuwa umemvua wakati huo huo, mkubwa, ndevu ndefu, ukamfunga mwenyewe kwenye mpini wa pikipiki. "Mpelekee marehemu," ukasema. "Mwambie ndevu zake nimeziokota."

Mimi niliisikia ile pikipiki toka mbali. Ninaona haya kusema, lakini nilifurahi. Katikati ya msiba wa mama yangu nilisimama mkekani nikafurahi, nikasema kaja. Akaingia Bakari peke yake. Kambale ananing'inia kwenye mpini, bado hajafa, ndevu zinacheza. Wanawake walikuwa ndani wanamwosha mama. Na mimi nasimama pale mbele ya wazee, natazama samaki.

Mama alizikwa kimya, Paulino. Alizikwa vizuri sana, kwa heshima zote, kama mzigo wa forodhani. Hakuna aliyekaa mlangoni. Jeneza lilitoka likaenda moja kwa moja, hakuna aliyelizuia, hakuna aliyedai chochote. Jirani mmoja Mmakonde, karani wa posta, mtu mwema, alijaribu. Alichechemea hatua mbili mbele ya jeneza, akakosea mguu, akachechemea wa kulia, kisha akaanza kulia mwenyewe. Tukamshika mkono tukaenda naye. Nilisikia viatu tu mpaka makaburini. Mama ambaye maisha yake yote hakuwahi kwenda mahali bila watu kumsikia.

Hilo ni lako la kwanza. Na hilo, nakuambia mbele ya wote wanaosoma huko kivukoni, si lako peke yako. Nimekaa nalo mwaka mzima nikilizungusha. Samaki aliyechomwa na mti wa msufi, hata ukimpitishia mkizi wa kweli, mnono, anageuka. Anafanya sawa. Nani alimchoma? Haya. Nimeandika. Zuhura ameacha kunitazama, amerudi kwenye mchele wake.

Lakini la pili ni lako wewe mwenyewe, na hilo sikugawani.

Jumapili ulikuja. Usikatae. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanaume wengine, nikasikia kengele ya baiskeli yako na sauti yako huko njiani, unapiga kelele kama kawaida yako: "Mchawi wa Kiyao! Umefufuka? Marehemu kala samaki wangu?" Ukajitokeza kwenye ua. Umeshika mikizi watatu kwenye kamba, wa mama. Ukaiona mikeka. Ukaona jiko limejengwa nje, ukamwona Zuhura amejifunga kichwa. Tulitazamana, mimi na wewe. Nilingoja. Nisikilize vizuri: nilikuwa nangoja. Ungefungua mdomo ukasema lolote, ungesema hata mama yangu alikuwa mzito, ningekulaki nikalia shingoni mwako mbele ya wazee wote.

Ukaweka wale mikizi chini, taratibu, kwenye mchanga. Ukaigeuza baiskeli. Ukaenda.

Kwa kiboko hukukimbia. Kwa mkeka wa msiba ukakimbia. Miaka tisa umekula chakula changu, na nyumba yangu ilipohitaji mdomo wako, mdomo mmoja tu mchafu, ukaubeba ukaenda nao. Kesho yake kazini hukuja. Wiki ile ile ulihamia kwa ndugu zako Nanyamba, na bendera yenu mpya ilipopanda huko ng'ambo ukavuka na mama yako, na mimi nikaambiwa na makuli. Makuli, Paulino! Watu niliowahadithia habari zako mwaka mzima ndio walionihadithia mimi habari zako.

Na sasa, baada ya kimya chote hicho, naletewa karatasi yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko unavyostahili. Unaniandikia "Kwa Ndugu Saidi Mheshimiwa." Unaniandikia "kwa unyenyekevu mkubwa naomba radhi." Unaniandikia "endapo hutachukizwa na kufika kwangu." Nani alikuandikia? Mwalimu? Padri? Nilipomaliza kuisoma nilihisi kama nimefiwa tena. Hakuna tusi hata moja humo. Nimeigeuza nyuma, nikatazama pembeni, nikatafuta. Hata Myao hukuniita. Ndugu Mheshimiwa! Hivyo ndivyo anavyoandikiwa mkuu wa bandari ukitaka likizo. Mtu anayeniomba radhi kwa adabu ameshaniondoa kwenye utani, ameniweka barazani pamoja na wageni. Kambale yule nilimmeza mwaka mzima, na ningemmaliza. Adabu yako hii hainipiti kooni.

Basi jibu ni hili, na wasomaji wa kivukoni mashahidi.

Paulino mwenye radhi na unyenyekevu asije. Huyo simjui, sikuwahi kula naye, na akitia mguu uani kwangu Bakari atamtoa. Kama ni yeye uliyepanga kumleta, mwache huko huko, mpeni kazi ya ukarani.

Lakini kama yule mwingine bado yuko hai, yule mla vya watu, mwambie namhitaji. Shehe nimeshamwambia siku ya hitima kutakuwa na kelele kidogo, amekunja uso, atakunjua. Wazee nimewaambia wakae nyuma. Mama ana deni la kicheko, na mimi siwezi kumlipia, mtoto hamtanii mama yake. Nimejaribu. Nilikwenda kaburini peke yangu mwezi uliopita, nimesimama pale nikitafuta la kumchekesha, mimi niliyechekesha meli nzima huko Aden, nikashindwa, nikasoma Fatiha nikarudi nyumbani.

Usije na pole. Usije na samaki. Usije na karatasi nyingine. Ukiwa na jambo la kuniambia kuhusu ule uongo wangu wa kwanza, liseme kwa sauti mbele ya watu wote, unitukane nalo mpaka ulimalize, maana ninalistahili, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kunipa. Halafu mimi nitakutukana kwa kukimbia kwako, nimeshaanza kujiandaa, nina maneno ya Kiyao ambayo hujawahi kuyasikia. Tukimaliza tutakuwa tumemaliza.

Siku hiyo nitakaa kizingitini, miguu nimeinyoosha, na sitasimama kukupokea. Wewe nipite juu kwa juu, unitukane, uingie ndani.

Nakuaga kwa hasira, na usichelewe.

Mtani wako,
Saidi wa winchi